Lous ni wa nani? Tusikilize kwanza

Wakubwa na wadogo wetu, wanafunzi na malisansiye, leo tuongee muziki kidogo. Mradi na konkuru za kazi zitatungoja hadi kesho.

Kila mara jina la Lous and the Yakuza linapopita katika mazungumzo yetu hapa Ibanda, ulizo la kwanza haliko juu ya wimbo. Ni hili: "Ule dada ni Mukongomani ao ni Munyarwanda?" Mmoja anajibu kwamba alizaliwa Lubumbashi, basi ni wetu. Mwingine anasema mama yake ni wa ng'ambo ya Ruzizi, basi wakae naye huko. Wa tatu anasema ni Mubelgiji, mambo yake hayatuhusu. Sauti zinapanda, mtu anakasirika, mtu anatoka. Na wimbo hata mmoja haujatajwa.

Mimi nasema hivi: albamu yake ya kwanza, Gore, ya mwaka 2020, ni kati ya kazi nzuri zilizofanywa na kijana mwenye damu ya Kongo katika miaka hii. Na uzuri wake unatoka hapo hapo tunapogombania. Lile ulizo letu, yeye alilijua tangu utoto, lakini katika nyimbo anakataa kulijibu. Albamu ya pili, Iota, ya 2022, inaimbwa vizuri zaidi, lakini inasema kidogo zaidi. Nitaeleza juu ya nini.

Kwanza maisha yake, kwa ufupi, kwa wale ambao hawamjui. Jina lake ni Marie-Pierra Kakoma. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1996. Baba ni Mukongomani, mama ni Munyarwanda, wote wawili waganga. Mwezi wa 8 mwaka 1998, vita ya pili ilianzia huku kwetu, Goma na Bukavu. Katika miji iliyobaki mikononi mwa serikali, kama vile Kinshasa na Lubumbashi, mtu mwenye asili ya Rwanda, ao aliyeonekana tu kuwa nayo, aliweza kukamatwa. Mama yake alifungwa mwaka huo, kosa lake likiwa asili yake. Alipotoka alikimbilia Ubelgiji, na wengine wa jamaa walimfuata baadaye. Lous mwenyewe alikulia Ubelgiji, akaishi pia Rwanda, akarudi Ubelgiji akiwa msichana. Alianza universite Namur, akaacha masomo kwa sababu ya muziki, akajikuta bila nyumba, analala inje katika mji wa Brussels. Baadaye akainuka, akaingia studio, akapata mkataba na kampuni kubwa.

Sasa tusimame kidogo hapo kwenye mwaka 1998, juu najua msomaji wa Bukavu hawezi kupita hapo kama mtalii. Mwezi huo huo wa 8, kule Kasika, Mwenga, mwami, padri, masista na wanakijiji wengi waliuawa. Kufika mwanzo wa 1999 ikawa zamu ya Makobola, karibu na Uvira. Majina hayo tunayabeba katika jamaa zetu. Kwa hiyo mtu akitwambia habari ya mama Munyarwanda aliyefungwa Lubumbashi, kuna kitu ndani yetu kinachojibu haraka: "Na sisi je?" Sitaki kudanganya kwamba hakipo. Lakini kilio cha mtu mmoja hakipunguzi kilio cha mwingine. Mtoto wa miaka 2 ambaye mama yake yuko gerezani hana upande katika vita. Yeye hana mama tu.

Tuingie katika muziki wenyewe.

Dilemme ilitoka mwezi wa 9 mwaka 2019, na ndiyo iliyomfungulia njia. Ukiisikia mara ya kwanza unafikiri ni wimbo mwepesi. Biti ni ya trap, lakini imepunguzwa, kuna nafasi kati ya sauti na ngoma, unaweza kuisikia kwenye telefone ndogo bila kupoteza kitu. Sauti yake haipigi kelele. Iko katikati ya kurap na kuimba, na mara nyingi haujui alivuka mpaka wapi. Kisha unaanza kufuata maneno: anasema kwamba, kama ingewezekana, angeishi peke yake. Hapo unasikia kwamba mwepesi ni mdundo tu. Italia waliupenda sana, na mwaka 2020 ukafanyiwa toleo lingine pamoja na tha Supreme na Mara Sattei, vijana wa kule. Watu wa Roma waliimba habari ya upweke wa binti wa Lubumbashi bila kuuliza kabila lake. Hawana werevu kutupita, hapana. Wao hawakuwa na hesabu ya kulipana naye.

Albamu Gore ilifuata mwezi wa 10 mwaka 2020. Biti zilisimamiwa na El Guincho, mtu wa visiwa vya Kanari, yule yule aliyefanya kazi na Rosalía kwenye El Mal Querer mwaka 2018. Neno gore ni la sinema: ni zile filamu za kutisha ambamo damu inamwagika kupita kiasi mpaka mtazamaji anaanza kucheka. Lous ameeleza kwamba aliona maisha yake vile: mabaya yamefuatana mpaka inakuwa kama kichekesho. Sisi wa Bukavu tunakielewa kicheko hicho. Nani hapa hajasikia watu wakichekeana siku moja baada ya usiku wa risasi? Anayetuangalia kutoka mbali anafikiri tumezoea, ao hatuna roho. Lakini kicheko kile ni njia ya kusema: bado niko.

Albamu yote ni fupi, karibu nusu saa. Nataja nyimbo 4 tu.

Tout est gore ndipo anaporap zaidi. Hapo maneno yanakuja karibu karibu, hana haraka lakini hapumziki, anakata sentensi mahali ambapo hukungoja. Wanaosema yeye ni mwimbaji tu aliyejipaka jina la rapa, waanzie hapo.

Dans la hess ni habari ya kukosa. Hess ni neno la vijana wa mitaa ya Ufaransa, lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ni taabu, ule ukavu wa mfuko. Ninachopenda ni kwamba hapambi umaskini. Kuna rap mingi ambamo umaskini wa zamani unakuwa kama medali: nilikuwa hapo chini, niangalieni sasa. Yeye anaimba hess kama mtu ambaye bado anaikumbuka kwenye tumbo. Malisansiye wa shomaje mnanielewa, ninyi ambao kila asubuhi mnavaa shati safi na kushuka Nyawera kana kwamba kuna ofisi inayowangoja.

Quatre heures du matin ni wimbo juu ya kubakwa. Hapa naomba usikivu. Tuko katika mji ambao dunia inaujua kwa jambo hilo. Hospitali ya Panzi iko hapa hapa katika komine yetu, na daktari Denis Mukwege alipata Nobel ya amani mwaka 2018 kwa kazi aliyoifanya humo. Kazi hiyo ni ya heshima. Lakini pembeni yake kulizaliwa pia desturi nyingine: ripoti, hesabu, wageni wanaoshuka kutoka magari meupe kuomba "ushuhuda", mama mmoja akielezea kitu kile kile mara kumi kwa watu kumi tofauti. Tumejifunza kusikia neno ubakaji kama namba. Wimbo wa Lous hauna namba. Hauombi msaada, haumalizii na somo, haumpi msikilizaji nafasi ya kujisikia mwema. Ni saa tu, saa 10 ya usiku, na mtu mmoja ndani yake. Nimesoma ripoti mingi juu ya jambo hili. Wimbo huu mfupi ulinifundisha kitu ambacho ripoti hazikunifundisha: kwamba kwa yule aliyepatwa, jambo lile si "hali ya usalama ya mashariki". Ni usiku ambao haukwishi.

Ya 4 ni Solo. Hapo anaongea juu ya kuwa mtu mweusi, na juu ya kuwa peke yake na weusi ule. Kuna wimbo wa namna hiyo ambao ungeweza kuwa hotuba. Huu si hotuba, juu sauti yake inabaki chini, karibu kuchoka. Ni kama mtu ambaye ameuliza ulizo lile lile mara mingi na hangoji tena jibu.

Sasa ona alichofanya. Mtu mwenye hadithi kama yake angeweza kuandika wimbo juu ya kila kituo: gereza la mama, kukimbia, Kigali, barabara ya Brussels. Angeweza kuomba kila upande umhurumie, ao kuchagua upande mmoja na kuutukana mwingine, wasikilizaji hawangekosa. Hakufanya. Alichukua kile ambacho mambo hayo yote yaliacha ndani yake, yaani upweke, mashaka juu ya watu, na kiburi cha mtu ambaye hataki kuonewa huruma, akaimba hicho. Ndiyo maana kwenye Gore hauwezi kumpata Mukongomani ukamtenga na Munyarwanda. Ukijaribu, wimbo unavunjika mikononi.

Kuna njia nyingine za kufanya kazi hii, na ni vizuri tuzipime. Uingereza kuna M.I.A., rapa na mwimbaji aliyezaliwa London mwaka 1975 na wazazi Watamil wa Sri Lanka. Alipelekwa Sri Lanka akiwa kitoto, vita ikawarudisha London mwaka 1986 hivi. Albamu yake ya kwanza, ya 2005, aliiita Arular, jina la mapambano la baba yake. Ya pili, ya 2007, aliiita Kala, jina la mama. M.I.A. aliileta vita mbele ya mlango: milio ya risasi, rangi kali, kelele, siasa wazi. Ilimfanya mkubwa, na ilimletea pia matata, juu kila mtu alianza kumuuliza yuko upande gani, na anajua nini hasa juu ya vita ile. Little Simz, naye wa London, wazazi wake ni wa Nijeria, alichukua njia karibu na ile ya Lous: kuongea ndani, kuangalia jamaa yake mwenyewe. Albamu yake ya 2021, Sometimes I Might Be Introvert, ilipata tuzo ya Mercury mwaka 2022. Yeye ni rapa mwenye nguvu kumpita Lous, tuseme ukweli: mistari ni mirefu, fikra inasafiri mbali, na haogopi kusimama dakika 6 kwenye jambo moja. Lous ni mfupi. Anafungua mlango, unaona chumba, anafunga. Kwenye Gore ufupi huo ni nguvu.

Kwenye Iota unakuwa ulegevu. Albamu hiyo ilitoka mwezi wa 11 mwaka 2022. Iota ni herufi ya Kigiriki, na maana yake ni kitu kidogo kabisa. Mapenzi yanachukua nafasi kubwa humo: kupendana, kudanganyana, kuachana. Sina neno juu ya mapenzi, nani hajaachwa? Na sauti yake imekomaa, anapanda na kushuka kwa urahisi ambao hakuwa nao zamani. Kisé inachezeka, ungeiweka kwenye sherehe yoyote hapa na watu wangesimama. Lakini baada ya nyimbo 5 ao 6 nilijiuliza: hii, mwimbaji mwingine wa Paris asingeweza kuiimba? Kwenye Gore nisingeuliza hivyo hata mara moja. Handle Me inaelekea soko la Kiingereza kuanzia jina lake, na mimi nasikia ndani yake mtu aliyeambiwa kwamba dunia ni kubwa na kwamba asijifungie. Shauri hilo linaweza kuwa jema kwa mfuko. Kwa wimbo si lazima.

Kuna wanaosema kosa ni mitindo: kwamba nyumba kubwa za mavazi za Paris zimemfanya sura, na sura imekula sauti. Kuna ukweli kidogo. Picha zake zinatembea haraka kuliko nyimbo zake, na ile alama anayojichora usoni inajulikana na watu ambao hawajamaliza hata wimbo mmoja. Lakini mimi naogopa zaidi kitu kingine, yaani hadithi. Soma magazeti ya Bulaya juu yake: karibu kila mara ni vita, gereza, barabara, halafu nuru. Muziki unakuja mwishoni, kama kachumbari. Hadithi ya mkimbizi aliyefaulu inauzwa vizuri, na anayeibeba anaweza kuchoka hata yeye mwenyewe. Labda ndiyo sababu Iota ilikimbilia mapenzi: ilikuwa njia ya kusema, niacheni niimbe kama wengine. Kama ni hivyo, namuelewa. Bado haikunipa albamu ninayoirudilia.

Na lugha? Karibu yote ni Kifaransa. Kuna wenzetu wanaosema: alizaliwa Lubumbashi, mji wa Kiswahili, kwa nini asiimbe kwetu? Ninaisikia hiyo, juu hata mimi ningependa bibi yangu afuate. Lakini tujiangalie. Wengi wetu tuliosoma, tukitaka kuandika barua ya mapenzi ao ombi la kazi, tunakimbilia Kifaransa. Tusimdai yeye deni ambalo sisi wenyewe hatulipi. Na kama tunataka uchungu wa namna hiyo uimbwe kwa Kiswahili cha Bukavu, kuna madada hapa Ibanda, Kadutu na Bagira wanaorap, na mara nyingi wanaimbia watu 20 kwenye salle ya joto. Tuwasikilize wao pia, tena tuwalipe.

Nirudi kwenye ulizo letu. Sisi wa agronomi tunauliza sikuzote mbegu imetoka wapi. Ni kazi yetu. Lakini tunauliza ili kujua inavumilia nini, inahitaji maji gani, ugonjwa gani unaiweza. Hatuulizi ili tuamue kuing'oa kabla haijaota. Kumuuliza Lous ametoka wapi si vibaya, hata inasaidia kumsikia. Tatizo ni kwamba hapa kwetu ulizo hilo limekuwa barriere: mtu anasimamishwa, anatolewa kitambulisho, anaangaliwa pua. Anayejizoeza kufanya hivyo kwa mwimbaji wa mbali, siku moja atafanya kwa jirani wa Nguba ao wa Muhumba, ambaye mama yake pia alivuka Ruzizi kuolewa. Na siku ile haitakuwa mazungumzo ya muziki. Katika ile avenue yenu mnawajua watu wa namna hiyo, tena wengine mlikaa nao kwenye banc moja tangu primaire.

Simaanishi kwamba wimbo utaleta amani. Hapana, wimbo hautoi askari barabarani wala haurudishi waliokufa Kasika. Ninadai kidogo tu: kwamba kabla ya kumpa mtu kabila, tumpe nusu saa. Gore haimalizi mega mingi. Anza na Tout est gore kama unapenda rap, ao na Dilemme kama unapenda kuimbiwa. Quatre heures du matin uiache kwa wakati uko peke yako, na kama ni jambo ambalo lilikupata wewe ao mtu wako, usijilazimishe kabisa.

Ukimaliza, njoo tugombane. Lakini safari hii tugombane juu ya nyimbo.